Hojaji au mahojiano? Kuchagua njia ya kutafiti msongo wa polisi, Nakuru hadi Kisumu

Msongo wa kazi na uongozi katika polisi ni mada inayowavutia wanafunzi wengi wa uzamili huku kwetu, wawe Egerton pale Njoro, Kabarak, Maseno au Masinde Muliro. Ni mada yenye uhai. Katiba ya 2010 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ikafuata Sheria ya 2011. Mageuzi ya 2018 yakaleta sare mpya ya buluu, yakahamisha maelfu ya maafisa wa AP (Polisi wa Utawala) kwenda polisi wa kawaida, yakawatoa wengi kwenye laini, yaani nyumba za polisi, ili wapange nyumba mitaani. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likakabidhi ripoti yake Novemba 2023. Muda huo wote maafisa wameahidiwa kwamba hali itakuwa nzuri, na anayetaka kujua kama imekuwa hana budi kuwauliza wenyewe.

Ugumu uko kwenye kuuliza. Mtafiti huchagua njia kwa kuangalia mfuko wake na uso wa msimamizi wake. Afisa anayekabidhiwa karatasi anajiuliza jambo jingine kabisa: hii itasomwa na nani? Ulinganisho huu unapima kila njia kwa swali hilo la afisa kwanza. Gharama inakuja baadaye.

Hojaji

Uzuri wa hojaji unajulikana. Ni nafuu, inafikia watu wengi, na inakuruhusu kusema kituo hiki kina msongo zaidi ya kile. Kamati ya tasnifu inaipenda kwa sababu ina hesabu. Ukiwa na maafisa 600 katika eneo lako na ukatumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa sampuli kwa kosa la asilimia 5, unapata sampuli ya 240, na hakuna atakayekusumbua siku ya kutetea. (Hiyo 600 yenyewe usitegemee kupewa kirahisi. Wakubwa wengi wanaiona idadi ya maafisa kuwa siri ya usalama, na si kosa lao.)

Ubaya wake uko kwenye safari ya karatasi. Mtafiti anafika kituoni na barua yake, anapokewa vizuri na mkuu wa kituo, anaacha furushi la hojaji. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wamejipanga kugawiwa zamu, koplo anazigawa na kusema bosi anazitaka kabla ya saa kumi. Zinarudi zote. Zimejazwa vizuri, majibu yamekaa katikati ya mizani kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na hazina kitu ndani. Mtafiti anaandika kwamba asilimia kubwa walijibu, na anahitimisha kwamba msongo ni wa wastani. Alichopima ni nidhamu.

Tena kuna ile Sehemu A ambayo kila mtu anainakili kutoka tasnifu ya mwenzake: jinsia, umri, cheo, miaka kazini, elimu, kituo. Huandiki jina, kwa hiyo unaapa kwamba ni siri. Lakini kituoni kuna sajini mmoja tu wa kike mwenye miaka zaidi ya 20 kazini, na hata mama anayewauzia chai anamjua. Ukitaka hojaji, kata sehemu hiyo. Uliza miaka kwa makundi mapana, unganisha vyeo viwe viwili au vitatu, na kituo kitambulishwe kwa alama unayoijua wewe peke yako. Karatasi iende na bahasha ya kufungwa, irudi kwenye sanduku lililofungwa au mkononi mwako, isipitie kaunta.

Wapo wanaosema simu imemaliza tatizo hili: tuma kiungo kwa WhatsApp, watu wajaze Google Forms wakiwa nyumbani. Inaokoa nauli, ndiyo. Ila kundi la WhatsApp la kituo mara nyingi lina mkubwa ndani yake, na hakuna anayejua jinsi simu inavyofuatiliwa kuliko polisi mwenyewe. Ukichagua kiungo, zima kipengele cha kukusanya barua pepe, tena uwaonyeshe kwamba umekizima. Mimi bado ningechagua karatasi na bahasha.

Mahojiano

Hapa unapata kile ambacho namba haiwezi kukupa, yaani mfuatano wa mambo. Afisa wa trafiki aliyefanya kazi kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret, upande wa Salgaa na Sachangwan, hatakuambia kuwa ana alama 5 kati ya 7 za msongo. Atakuambia kuhusu ajali, halafu simu ya mkubwa aliyetaka ripoti kabla miili haijaondolewa, halafu zamu ya usiku uliofuata ambayo hakuna aliyefikiria kumpumzisha. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta lilipowaka. Londiani, Juni 2023, zaidi ya 50 walikufa kwenye makutano ya barabara. Kila tukio la namna hiyo lina maafisa waliookota, waliohesabu, waliowapigia simu jamaa. Hojaji itauliza kama umeshuhudia jambo la kutisha. Mahojiano yatakuonyesha nini kilifanywa, au hakikufanywa, baada ya hapo, na mara nyingi uongozi unaonekana papo hapo.

Gharama yake ni muda. Saa moja ya kurekodi inaweza kukula nusu siku au zaidi ya kunakili, na zaidi ya hapo mazungumzo yakichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kijaluo au Kikalenjin. Zamu zinabadilika, mtu anakuahidi Jumanne na Jumanne yuko lindo kwenye benki. Na kuna mtego mkubwa zaidi: ukimwomba mkuu wa kituo akupe watu wa kuhojiwa, atakupa wale wanaojua kuongea. Pata njia nyingine ya kuwafikia, kwa mfano kasisi wa polisi, chama cha kuweka akiba, au afisa mmoja kukuelekeza kwa mwenzake.

Usihojie kituoni. Usilazimishe kinasa sauti. Wengine watasema zaidi ukiandika kwa mkono. Na uulize matukio kabla ya hisia. "Mara ya mwisho kunyimwa likizo ilikuwaje?" inafungua mlango ambao "Je, una msongo?" inaufunga, maana afisa anayekiri kuchoka anaogopa mawili: kuondolewa bunduki, jambo ambalo wenzake wataliona siku hiyo hiyo, na barua ya uhamisho.

Wastaafu wanavutia sana kama njia ya mkato. Wanaongea kwa uhuru na wana wakati. Lakini aliyestaafu zamani anakusimulia jeshi la polisi la kabla ya 2010, lenye utaratibu tofauti, na utaishia kuandika historia. Kama utawatumia, chukua walioondoka baada ya 2018. Hao, pamoja na walioacha kazi wenyewe, wana thamani ya pekee: hojaji yoyote ya kituoni huwakosa waliolemewa hadi wakaondoka, na kubaki na waliovumilia.

Mjadala wa kikundi usikupotezee muda. Cheo kikiingia chumbani, konstebo ananyamaza. Ukilazimika, weka watu wa cheo kimoja kutoka vituo tofauti.

Basi uchague ipi? Swali lako likiwa "ni kiasi gani" au "ni wapi zaidi", chukua hojaji. Likiwa "uongozi unaleta msongo kwa njia gani", chukua mahojiano, watu 12 hadi 20, na usiione haya idadi hiyo mbele ya kamati. Wasimamizi wengi watakuambia uchanganye. Kwa mtu mmoja mwenye miezi michache na pesa za kubahatisha, kuchanganya huzaa nusu mbili mbovu. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni mmoja: mahojiano machache kwanza, kisha hojaji fupi iliyotungwa kutokana na uliyoyasikia. Kinyume chake, hojaji ndefu kisha mahojiano ya kujazia, ndicho wengi hufanya.

Hojaji ipi kati ya zilizopo

Usitunge yako kutoka hewani. Ziko zilizopimwa, na tofauti zake ni kubwa kuliko zinavyoonekana.

Ile ya McCreary na Thompson, ya Kanada, iliyochapishwa mwaka 2006 na inayojulikana kama PSQ, ndiyo iliyotungwa kwa ajili ya polisi hasa. Iko katika sehemu mbili zenye maswali 20 kila moja, na kila swali lina mizani ya 1 hadi 7. Sehemu ya kwanza inahusu kazi ya nje: zamu, kuwa peke yako usiku, matukio ya kutisha, maneno ya wananchi. Ya pili inahusu mambo ya ndani ya ofisi: uongozi usiotabirika, upendeleo, uhaba wa watu na vifaa, uchunguzi wa ndani. Kwa utafiti usio wa biashara haina malipo. Ukiweza kutumia sehemu moja tu, tumia hiyo ya pili. Tafiti nyingi za nje zimeonyesha tena na tena kwamba mambo ya ndani ya ofisi huwalemea polisi sawa na hatari za barabarani, au kuzidi. Na hapo ndipo uongozi ulipo.

Lakini ilizaliwa Kanada. Inauliza kuhusu kazi nyingi za kompyuta. Vituo vyetu vingi bado vinaandika OB, kitabu cha matukio, kwa kalamu. Haiulizi kuhusu marupurupu ya nyumba yasiyotosha kodi ya Milimani wala Kaptembwo, wala kuishi ploti moja na mtu uliyemkamata juzi, wala familia iliyoachwa Bungoma huku wewe uko Naivasha. Ongeza maswali yako matano au sita mwishoni, uyachambue peke yake, na usiguse yale ya asili, la sivyo hutaweza kulinganisha na yeyote.

PSS ya Cohen, ya 1983, ambayo wengi hutumia ile fupi ya maswali 10, inapima msongo wa maisha kwa jumla katika mwezi uliopita. Ni rahisi na inapatikana. Tatizo ni kwamba haisemi msongo unatoka wapi. Igawe Januari, wakati wa karo, na konstebo mwenye watoto watatu shuleni atapata alama za juu hata akiwa na mkuu wa kituo malaika.

Kuhusu uchovu wa kazi kuna MBI ya Maslach na Jackson ya 1981, maswali 22, maarufu sana na ya kulipia kwa kila nakala. Mbadala wake ni ile ya Copenhagen ya 2005, maswali 19, isiyo na malipo. Kwa mwanafunzi sioni sababu ya kulipa. Ile ya Copenhagen ina sehemu inayouliza kuhusu wale unaowahudumia. Amua mapema kama kwa polisi hao ni walalamishi, washukiwa, au wote, maana majibu yatabadilika kabisa.

PHQ-9 ni suala zito zaidi. Ina maswali tisa ya dalili za unyogovu, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 ndipo wengi huweka mpaka. Imewahi kupimwa hapa magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na utafiti huo ulichapishwa mwaka 2009, kwa hiyo una pa kuegemea. Ila swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Unamwuliza mtu ambaye jioni atachukua bunduki kwenye ghala la silaha. Kabla ya Januari 2025 kulikuwa na kizingiti cha kisheria pia: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kizingiti hicho kimeondoka, lakini wajibu wako uko pale pale. Kama karatasi haina jina, huwezi kumfikia aliyejibu "karibu kila siku". Kama ina namba ya siri, lazima uwe na mnasihi aliyekubali kumpokea siku hiyo hiyo, awe nje ya mlolongo wa vyeo. Usipokuwa naye, acha PHQ-9. Usilitoe swali la tisa kimyakimya na kuendelea kuiita kwa jina hilo.

Kupima uongozi bila kumpima mtu

Katika vyuo vyetu mazoea ni kuchukua MLQ, hojaji ya uongozi ya Bass na Avolio, ambayo pia ni ya kulipia, na kumwomba afisa ampe kiongozi wake alama. Kituo kina mkuu mmoja. Hata ukificha jina la aliyejibu, aliyepimwa anajulikana, na aliyejibu analijua hilo. Utapata sifa tele.

Njia ninayoiona bora ni kuuliza desturi za kazi, si tabia za mtu. Orodha ya zamu hutolewa siku ngapi kabla? Likizo ikikataliwa, sababu hutolewa? Baada ya tukio baya, kuna aliyekaa nawe kuzungumza kabla hujarudishwa kazini? Makosa husemwa faraghani au mbele ya wenzako? Maswali haya yanajibika kwa ukweli bila kumshitaki yeyote, na mkubwa atakayesoma ripoti yako ana jambo la kubadilisha. "Uongozi wa kuleta mageuzi una uhusiano chanya na ari ya kazi" haumpi cha kufanya Jumatatu.

Jambo la hesabu hapa linasahaulika mno. Maafisa wa kituo kimoja wana mkuu mmoja, kwa hiyo majibu yao kuhusu uongozi yanafanana. Si ushahidi wa watu 100, ni wa mkuu mmoja aliyetazamwa na watu 100. Vituo 10 vyenye watu 20 kila kimoja vinakupa zaidi ya vituo viwili vyenye 100 kila kimoja, ingawa jumla ni ileile. Kama pesa zako zinafika vituo viwili tu, usitafiti uongozi kwa hojaji.

Nakuru au Kisumu?

Nakuru ina aina nyingi za kazi ndani ya kaunti moja: mji mkubwa, barabara kuu, mashamba ya Njoro na Molo, Naivasha na wafanyakazi wake wa maua, na Gilgil yalipo makao ya kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo. Kwa hiyo unaweza kulinganisha kazi tofauti bila kuvuka mpaka wa kaunti. Pia Bonde la Kerio na Baringo haziko mbali, na tangu operesheni dhidi ya majambazi ya Februari 2023 ya Kaskazini mwa Bonde la Ufa, afisa wa hapa anaweza kuwa na kumbukumbu za huko ambazo mkuu wake wa sasa hazijui kabisa. Ukitaka kuchunguza msongo wa hatari na kupelekwa mbali na familia, kaa Nakuru.

Kisumu ina kitu kingine: maandamano, na uhusiano wa polisi na mitaa kama Kondele na Nyalenda ambao una majeraha ya 2007–2008, ya Agosti 2017, na ya miaka ya karibuni. Msongo wa kuagizwa kwenda mbele ya umati ambao ndani yake yumo jirani yako ni mada ambayo hojaji ya Kanada haiigusi. Ila jiandae kuulizwa na wakazi, na pengine na mama yako mzazi, kwa nini unashughulika na ustawi wa polisi ilhali familia zilizopoteza watu bado zinangoja haki. Swali ni la haki. Tasnifu isiyolikabili katika sura ya kwanza itaonekana imeandikwa na kitengo cha mawasiliano cha polisi. Jibu langu ni kwamba afisa aliyekesha siku tatu na anayemwogopa mkubwa wake ni hatari kwa aliye mbele yake, na kulisema hilo si kumtetea.

Kakamega, Bungoma na Busia zina vituo vidogo na vya mpakani. Vinafaa mahojiano, lakini kwa hojaji kutambulika ni rahisi mno.

Afisa anayesoma na raia anayesoma

Maafisa wengi siku hizi wanajiandikisha kusoma uzamili jioni, na wao ndio huchagua mada hii. Afisa anaingia kituoni bila kushukiwa, anajua maneno, anajua OB ya uongo ikoje. Lakini ana cheo hata akivaa fulana. Wa chini yake watamjibu kama afande, na wa juu yake hawatakubali kuhojiwa na mdogo. Zaidi ya hayo, akisikia kuhusu kosa la jinai kwenye mahojiano, yeye bado ni askari, na ahadi yake ya kutunza siri inagongana na kiapo chake. Kwa afisa, basi, hojaji ya bahasha, nje ya kaunti anayofanyia kazi, ni salama zaidi kwa kila mtu.

Raia anashukiwa kwanza: umetumwa na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi? Wewe ni mwandishi wa habari? Ukivuka wiki za mwanzo, mahojiano yako yatakuwa ya wazi kuliko ya afisa yeyote. Mwambie mhojiwa kabla hajaanza ni mambo gani huwezi kuyaficha, na usimwache akaropoka kisha umshtue. Rekodi zako ziko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Sauti ikishanakiliwa, ifute.

Ruhusa ni kwa wote: kamati ya maadili ya chuo au hospitali ya rufaa kwanza, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu tafiti, halafu kamishna wa kaunti na uongozi wa polisi. Leseni huwa ya mwaka mmoja, kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kuiomba. Novemba maafisa wako alfajiri kwenye kontena zinakohifadhiwa mitihani ya KCSE ya kidato cha nne. Juni na Julai, Kisumu na Nakuru zote zimekuwa na maandamano. Na uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Miezi mitatu kabla yake na miwili baadaye, hakuna kituo kitakachokupa muda, na majibu utakayopata yatakuwa ya uchaguzi, si ya kazi ya kila siku.